Barua Mbili kwa Fundi Saa

Ofisini walimwita Mama Mhuri, na jina lenyewe hakulichukia. Kwa miaka kumi na tisa hakuna karatasi iliyoingia wala kutoka katika kampuni ile ya kusafirisha vifurushi bila kupita chini ya mkono wake. Alikuwa karani wa malalamiko, ghorofa ya nne, chumba cha mwisho upande wa kushoto, chenye makabati mawili ya chuma na dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine. Watu walileta vilio vyao: televisheni imefika kioo kimepasuka, gunia limefika nusu, sanduku halikufika kabisa. Yeye alivipokea, akavigonga mhuri, akavijibu. Kujibu hakukumpa shida. Alikuwa na barua moja tu kwenye kompyuta. Alibadilisha jina la mteja na jina la mzigo, akachapa. Kwa siku aliweza kujibu watu arobaini na bado akanywa chai yake ikiwa ya moto.

Kwa hiyo meneja alipomwita na kumwambia kwamba ameandikishwa kozi ya stadi za mawasiliano ya biashara chuoni, Jumamosi kumi na mbili mfululizo, aliona kama katukanwa mchana kweupe.

"Mimi, meneja? Mimi niliyeandika barua za ofisi hii kabla wewe hujaota ndevu?"

Meneja, ambaye ndevu zenyewe zilikuwa bado za kubahatisha, akajikuna shingo. "Si mimi, mama. Ni makao makuu. Wanasema malalamiko kuhusu majibu ya malalamiko yamezidi."

Akaenda, lakini alikwenda kichwa juu. Darasa lilikuwa na viti vile vyenye kibao cha kuandikia pembeni, na Mama Mhuri, ambaye mwili wake ulikuwa wa kushiba, ilimbidi akae upande upande kama abiria wa pikipiki. Mwalimu alikuwa msichana mwembamba, sauti ya chini, wa umri wa bintiye wa kwanza. Wanafunzi walikuwa kumi na saba, wote watu wazima wenye kazi zao: muuza dawa, wahasibu, dada wa mapokezi ya hoteli, na fundi rangi mmoja mwenye mdomo, aliyesema amekuja kwa sababu wateja wake wanaelewa kuta zake ila hawaelewi barua zake. Zamu ya Mama Mhuri ya kujitambulisha ilipofika alisema anafanya kazi "ofisini, upande wa mawasiliano," akaketi. Hakusema ofisi gani, na hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu alikuwa na swali moja alilowapigia kama ngoma kila kipindi: nani kafanya? Mtu akiandika "usumbufu uliojitokeza," yeye alikuwa anaweka kalamu chini. "Usumbufu haujitokezi wenyewe kama uyoga. Kuna mtu kausababisha. Mtajeni. Kama ni ninyi, semeni ni sisi." Mama Mhuri aliyaandika yote kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo, huku moyoni akisema haya ni mambo ya watoto.

Jumamosi ya nne mwalimu akazima taa za mbele, akawasha projekta. Ukutani ikatokea barua. Jina la kampuni na la mteja yalikuwa yamefunikwa kwa mistari myeusi.

"Leo tunaangalia barua ya kweli," alisema. "Aliyeandikiwa ni mtu ninayemfahamu, na ameniruhusu niitumie. Nitawasomea."

Akasoma, taratibu, bila kuongeza sauti mahali popote:

"Mteja mpendwa. Rejea malalamiko yako kuhusu mzigo uliotajwa, yaani MGUU, idadi MOJA. Usumbufu uliojitokeza unasikitisha. Aidha, unajulishwa kuwa mzigo wako si wa aina inayoharibika haraka, hivyo haukuwekwa katika kundi la kipaumbele. Unashauriwa kuendelea kutumia mbadala ulio nao. Kwa ufuatiliaji zaidi unatakiwa kufika mwenyewe, bila kutuma mtu, ghorofa ya nne. Lifti ni kwa ajili ya wafanyakazi tu. Tunathamini kila hatua unayopiga pamoja nasi."

Fundi rangi akauliza, "Mwalimu, mguu upi huo? Wa meza?"

"Wa mtu. Mguu wa bandia. Aliupeleka kutengenezwa mji mwingine, ukapotea njiani ukirudishwa."

Darasa likapasuka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dada wa mapokezi alijifuta machozi kwa ukosi wa blauzi. "Aendelee kutumia mbadala!" "Afike mwenyewe, ghorofa ya nne, lifti marufuku!" Fundi rangi alisimama akapanda ngazi za hewani kwa mguu mmoja, akishika ukuta. "Tunathamini kila hatua, mzee! Ruka tu!"

Mama Mhuri aliitambua barua ile kabla mwalimu hajamaliza mstari wa kwanza. Angewezaje kutoitambua? Ni yeye aliyeitunga, miaka kumi na mbili nyuma, na kuitumia tangu wakati huo. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kile kiti chake cha kibao. Lakini ardhi ya darasa lile ilikuwa ya saruji, na watu wote walikuwa wanacheka, na mtu asiyecheka angeonekana. Basi naye akacheka. Akacheka kwa nguvu kuliko wenzake, na kicheko kilipoanza kupungua akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

"Karani wa namna hiyo angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo!"

"Kweli kabisa, mama!" wakaitikia.

Mwalimu akawapa kazi: kila mmoja aiandike upya barua ile kama ambavyo ingepaswa kuandikwa. Mama Mhuri akainama, akaandika. Sijui kama ni woga uliomwandikisha au ni kitu kingine, lakini kalamu haikusimama. Aliandika: "Mzee wetu, tumepoteza mguu wako. Hatujui uko wapi, na kosa ni letu. Najua kwamba kila siku tunayochelewa ni siku ambayo wewe hutembei. Mimi mwenyewe nitakwenda ghalani kuutafuta, na kila Ijumaa nitakupigia simu kukwambia nilipofikia, hata kama sijafika popote. Huna haja ya kuja kwetu. Sisi ndio tutakaokuja kwako."

Mwalimu alipita kati ya viti akisoma juu ya mabega ya watu. Alipofika kwake akasimama muda mrefu. Kisha akamwomba awasomee wote. Akasoma, sauti ikitetemeka, wao wakidhani ni aibu ya kusimama mbele za watu. Walimpigia makofi. Fundi rangi alisema mama huyu anafaa kuwa waziri.

"Naomba nakala," mwalimu alisema. "Nitampelekea mwenyewe mguu. Ni fundi saa, jirani yetu pale mtaani. Itampoza kidogo."

Angekataa vipi? Akatoa ile karatasi.

Wiki ile alijifariji kwa neno moja: sikujua. Barua arobaini kwa siku, mtu ataangaliaje neno moja? Lakini haya ni kitu kisichokaa kimya. Siku ya tatu, akiwa anaosha kikombe chake, kumbukumbu ikamrudia nzima nzima, na kikombe kikabaki mkononi. Alijua. Alikuwa ameliona lile neno, mguu, na alikuwa amegeuka kumwambia mhudumu wa ofisi aliyekuwa anapita na faili: "Njoo uone, mguu umesafiri umemwacha mwenyewe!" Wakacheka wote wawili. Kisha akachapa, akagonga mhuri, akachukua barua iliyofuata.

Jumamosi ya tano alitaka kuumwa. Alifika hata kumwambia mumewe, fundi bomba aliyestaafu, kwamba kichwa kinamgonga. Mumewe akamletea maji na kumwambia alale. Alipoona jinsi yule mwanamume anavyomhurumia kwa kichwa kisichouma, akaona bora aende.

Mwalimu alimsubiri mlangoni. Uso wake ulikuwa umekunjuka kwa furaha.

"Mama, nimempa barua yako. Aliisoma mara mbili mbele yangu. Akaniambia, mwambie mama huyo ahsante sana, ndiyo mara ya kwanza mtu kunijibu. Akasema pia nikusalimie, na kama saa yako yoyote imesimama umpelekee, ataitengeneza bure." Akapunguza sauti. "Yuko kwenye msiba, maskini. Amezika mama yake wiki mbili zilizopita. Watu wanakuja kumpa pole, yeye anawasomea barua yako."

Mama Mhuri akasema, "Ahsante." Kipindi kizima kilimpita kama maji juu ya jiwe, na mwalimu alipouliza swali akimtazama yeye, mwanafunzi wake bora, aliangalia kibao cha kiti.

Jumatatu akafika kazini kabla ya mfagiaji. Akafungua kabati la pili, akachomoa faili la mwezi ule, akaitafuta barua ya fundi saa. Ilikuwa kurasa mbili, kwa mkono, mwandiko mdogo ulionyooka kama wa mtu aliyezoea kushika vitu vidogo. Ukurasa wa kwanza aliukumbuka: tarehe ya kutuma, namba ya risiti, mguu wa kulia, umefungwa kwenye boksi la kahawia. Ukurasa wa pili ulikuwa umebanwa nyuma kwa pini. Juu yake kulikuwa na mhuri wake mwenyewe, wino wa buluu: IMEPOKELEWA. Alikuwa ameugonga bila kuusoma.

Akausoma sasa.

"Naomba mniwie radhi kwa kuwasumbua na ukurasa wa pili," fundi saa aliandika. "Mama yangu ni mgonjwa sana na daktari ametuambia tujiandae. Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Siku ikifika nataka niwe mbele kwenye jeneza lake. Kwa magongo mtu hawezi kubeba. Ndiyo sababu ya haraka yangu. Si kwa ajili ya kutembea, kutembea nitavumilia."

Barua ilikuwa ya miezi miwili iliyopita. Mama Mhuri alikaa pale, karatasi mapajani, mpaka wenzake walipoanza kuingia wakimsalimia. Akawaitikia. Kisha akachukua mkoba wake na kushuka ngazi, ghorofa zote nne, kwa miguu, mpaka ghalani.

Mtunza ghala alikuwa mtu wa makamo asiyependa kuharakishwa. Alishangaa kumwona, kwa miaka yote ile alizoea kupata karatasi zake, si yeye.

"Mguu?" akasema. "Hapa kuna miguu mama, lakini ni ya meza na vitanda. Iko kule nyuma, upande wa samani."

"Nipeleke."

"Kuna vumbi."

"Nipeleke hivyo hivyo."

Walipekua mpaka saa sita mchana. Miguu ya viti, mbao za kitanda, droo zisizo na kabati. Chini ya godoro lililofungwa kwa nailoni wakakuta boksi la kahawia, refu, lenye maandishi ya kalamu nene: MGUU 1. Mtu wa kupakua mizigo aliona neno hilo, akalipeleka panapokaa miguu. Hakuna zaidi. Ulikuwa umekaa hapo miezi mitatu, mita hamsini kutoka kwenye ngazi za ofisi, na ingemchukua mtu nusu siku kuupata kama angeshuka. Mama Mhuri akafungua boksi kuhakikisha. Ndani, umezungushiwa taulo safi, mguu ulikuwa umevishwa soksi mpya na kiatu cheusi kilichopigwa rangi kikang'aa. Mtunza ghala akavua kofia, sijui kwa nini.

Hakumwachia dereva aupeleke. Aliubeba mwenyewe mikononi, kama mtu abebavyo mtoto aliyelala, akauliza njia mpaka akafika. Kibanda cha fundi saa kilikuwa kati ya duka la vitabu na kinyozi, upana wa mlango mmoja. Mzee alikuwa amekaa nyuma ya kioo, lenzi jichoni, magongo mawili yameegemezwa ukutani. Juu ya kichwa chake saa zaidi ya thelathini zilikuwa zinatembea, kila moja na wakati wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu." Akaliona boksi. Lenzi akaitoa polepole. Akanyoosha mikono miwili, akalipokea, akafungua, akagusa kiatu kwa kidole. Kisha akatabasamu.

"Wewe ndiye mama wa barua," alisema. "Yule wa chuoni. Umeniandikia kwamba utautafuta, na kweli umeutafuta! Kaa, mama, kaa. Nina kiti hapa."

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Nataka mwelewe hilo. Mzee alikuwa amekwisha jijibu mwenyewe, na jibu lilikuwa zuri, na mguu ulikuwa umefika. Angekalia kiti cha mzee, akapokea shukrani, akaenda zake. Hakuna ambaye angejua.

"Mzee," akasema, bado amesimama, "mimi ndiye karani wa ile kampuni. Barua ya kwanza pia niliandika mimi."

Mzee akamtazama, tabasamu likiwa bado usoni kama kitu kilichosahauliwa mezani.

"Ile ya lifti?"

"Ile ya lifti. Ukurasa wako wa pili sikuusoma. Nimeusoma leo asubuhi. Na kule darasani waliposoma ile barua, mimi pia nilicheka. Naomba..."

"Usiseme unasikitika," mzee akamkata, bila ukali. "Barua ndivyo ilivyosema."

Saa zilisikika. Mzee akavuta droo, akatoa karatasi mbili, akazilaza juu ya kioo: moja yenye mhuri, nyingine ya daftari, kwa mwandiko wa mviringo.

"Siku ya mazishi nilikuwa nyuma ya watu," akasema. "Nyuma kabisa, kwa sababu magongo yanachelewesha wenzako. Mama yangu alibebwa na majirani. Watu wazuri, siwasemi. Lakini majirani." Akaigusa barua ya daftari. "Kisha hii ikaja. Nikawasomea wageni. Nikawaambia oneni, mtu asiyenijua amekaa akafikiria mguu wangu. Kumbe nilikuwa najiaibisha mbele za watu."

"Hapana, mzee, si wewe..."

"Chukua hii." Akamsogezea barua ya daftari, ile nzuri. "Ni yako, ya shule. Hii nyingine nitabaki nayo. Hii ndiyo uliyoniandikia mimi."

Akaichukua. Angefanya nini? Akaaga, mzee akaitikia kwa adabu ile ile aliyompokea nayo, na hilo lilimuuma kuliko kama angemfukuza. Alipokuwa nje akamwona kupitia kioo akikunja suruali, anaanza kufunga mikanda ya mguu peke yake.

Jumamosi iliyofuata alimwomba mwalimu dakika tano. Akasimama mbele, mikono nyuma kama mtoto wa shule, akawaambia wanafunzi wenzake kwamba karani ambaye angefukuzwa kazi ni yeye. Akaeleza yote: mhudumu wa ofisi, ukurasa wa pili, jeneza. Hakuna aliyecheka. Dada wa mapokezi aliangalia simu iliyokuwa imezimwa. Fundi rangi alikwangua rangi iliyokauka kwenye kucha zake. Mwalimu alisema, "Ahsante, mama," kisha akageuka ubaoni akaanza somo la siku hiyo, jinsi ya kuandika muhtasari wa kikao. Lakini chaki ilimvunjikia mara mbili, maana naye alikuwa amewasomea watu wacheke, na nadhani siku ile alikuwa na haya zake mwenyewe.

Kozi aliimaliza. Alipata alama za juu kabisa darasani, cheti chenye mhuri wa dhahabu. Ile barua ya kwenye kompyuta aliifuta, na sasa kila barua anaisoma mpaka nyuma ya karatasi ya mwisho, hata kama nyuma ni tupu. Anajibu watu tisa kwa siku, siku nzuri kumi na mmoja. Foleni imefika kwenye ngazi. Meneja anasema kozi imemharibia mfanyakazi. Kuhusu lifti alimwandikia mara tatu. Mara ya tatu akajibiwa kwamba suala hilo linashughulikiwa, na yeye akairudisha barua na swali moja juu yake kwa wino wa buluu: nani anashughulikia? Hajajibiwa mpaka leo.

Fundi saa hakuwahi kumtafuta. Mwalimu alisema anatembea vizuri.

Mumewe ndiye aliyekuwa hajui lolote. Alishangaa kwa nini cheti kizuri namna ile kinalala chini ya mashuka badala ya kutundikwa sebuleni. Aliuliza mara moja, akauliza mara mbili. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana mkewe akaamua kumweleza. Akaanza na barua, neno kwa neno, na alipofika kwenye ghorofa ya nne mumewe akaanza kucheka, maana barua yenyewe inachekesha, akapiga meza kwa kiganja. Mkewe akamwacha. Akangoja mpaka amalize, akamsimulia yaliyobaki.

Mumewe akasimama, akakusanya sahani, zake na za mkewe, akaenda nazo jikoni kuziosha. Maji yakasikika yakimwagika. Mama Mhuri alibaki mezani, ameshika tama, akitazama makombo aliyoyaacha mumewe kwenye kitambaa.